Mwalimu Nemesia Yujo Matareco na Irabu Zilizomezwa

Ndugu, jamaa, majirani na walimu wenzetu mliofika hapa San Lorenzo kwa miguu, kwa pikipiki na kwa mitumbwi, pamoja na matope yote ya mwezi huu wa Machi, familia inawaomba mkae, wengine kwenye mabenchi ya kanisa na wengine kwenye magogo, kwa kuwa historia hii si fupi, na marehemu mwenyewe hakupenda mtu amsikilize akiwa amesimama.

Mwalimu Nemesia Yujo Matareco alizaliwa tarehe 19 Desemba 1951, siku ya Mtakatifu Nemesio katika kalenda, ndiyo maana hakutafutiwa jina, katika kijiji cha San Hermenegildo, kando ya mto Sécure, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Anselmo Yujo, aliyechunga ng'ombe wa shamba la watu, na Mama Petrona Matareco, aliyefuma vyandarua na kupika chicha, pombe yetu ya mihogo, iliyosifiwa mpaka ng'ambo ya mto. Mtoto wa kwanza alikuwa Evaristo, aliyemtangulia kwa miaka minne, na huyu Evaristo atatajwa mara nyingi leo, kwa sababu maisha ya marehemu hayasimuliki bila yeye.

Mzee Anselmo alikuwa pia msoma mahubiri, kazi aliyoirithi kwa baba yake, na kila Juma Kuu alisimama mbele ya altare akasoma kutoka kwenye makaratasi yaliyonakiliwa kwa mkono, babu kwa baba, ambamo kila neno la lugha yetu ya Kitrinitario liliandikwa kwa ukamilifu, irabu zake zote zikiwa mahali pake, neno refu kama ngazi. Nyumbani, mzee huyohuyo alipoomba maji au alipomgombeza mbwa, nusu ya irabu zile hazikusikika, neno lilitoka fupi na gumu, konsonanti zikiwa zimebanana. Nemesia alikua akidhani kwamba ni lugha mbili, moja ya Mungu na moja ya jikoni, na alikuwa na miaka tisa alipomuuliza baba yake ni kwa nini Mungu anaongea polepole hivyo, mzee akacheka, akamwambia akawape kuku maji.

Marehemu alianza shule hapa San Lorenzo mwezi Februari 1960, akilala kwa shangazi yake, na shule ile iliendeshwa wakati huo na mwalimu ambaye familia haitamtaja jina, aliyekuwa na desturi ya kumpigisha magoti juu ya punje za mahindi kila mtoto aliyesikika akizungumza Kitrinitario darasani au uwanjani. Nemesia alipigishwa magoti mara nyingi kuliko wenzake, si kwa ukaidi, bali kwa sababu alikuwa na tabia ya kunong'ona maneno peke yake, akiyapima. Makovu mawili madogo katika goti la kushoto anazikwa nayo. Alimaliza darasa la mwisho mwaka 1967, akiwa wa pili, akasaidiwa na masista kuendelea na masomo mjini Trinidad, mji mkuu wa jimbo letu, na tarehe 8 Desemba 1972 akatunukiwa cheti cha ualimu, msichana wa kwanza kutoka San Hermenegildo kupata cheti cha aina yoyote.

Aliajiriwa Machi 1973 na kupelekwa sehemu za juu za mto, safari ya siku mbili kwa mtumbwi, kwenye shule ya chumba kimoja yenye wanafunzi thelathini na wanne, ambao hakuna hata mmoja aliyejua Kihispania zaidi ya salamu. Alifundisha huko miaka kumi na minne, kisha miaka minne katika kijiji kingine cha mto Isiboro, kisha hapa San Lorenzo hadi alipostaafu tarehe 30 Novemba 2011. Alikuwa mwalimu wa kufoka kidogo na kurudia sana. Wapo hapa watu wazima, wenye wajukuu, ambao wakisikia kikohozi chake nyuma ya ukuta bado walikuwa wakinyoosha migongo.

Ni katika shule ile ya kwanza ndipo jambo lililomshughulisha maisha yake yote lilipoanza, na lilianza vibaya. Aliona watoto wanalia kwa sababu ya Kihispania, akaamua kuwafundisha kusoma kwanza kwa lugha yao, akaandika ubaoni maneno kumi kwa namna aliyoyaona kwenye makaratasi ya baba yake, irabu zote. Msichana mmoja mwerevu aliyeitwa Saturnina alisoma neno la kwanza mara tatu, herufi kwa herufi, bila kosa, kisha akageuka na kumuuliza mwalimu hiyo ni lugha gani. Lilikuwa neno la kumaanisha jogoo. Siku iliyofuata marehemu aliandika kama watoto walivyosema, akaziacha zile irabu zisizosikika, na darasa zima likasoma, lakini mkaguzi alipofika Juni akatazama ubao kwa muda mrefu, akauliza, "Mwalimu, haya ni maneno au ni miba ya samaki?"

Marehemu alifunga ndoa tarehe 30 Agosti 1976 na Bwana Lizardo Cueva Noza, fundi wa mitumbwi na mpigaji wa bajoni, zile filimbi kubwa za majani ya mnazi-pori tunazozipuliza sikukuu zetu, mwanamume mpole aliyekula polepole na kutembea polepole, lakini mwenye sikio ambalo marehemu alikuwa akilionea wivu waziwazi. Yeye ndiye aliyempa ufunguo. Jioni moja ya mwaka 1977 marehemu alikuwa ameketi jikoni na daftari lake, akilalamika kwamba irabu zinapotea ovyo, kwamba irabu ileile inasikika katika neno moja na kutoweka katika jingine, na Bwana Lizardo, aliyekuwa akichonga kasia, akaanza kugonga ubao kwa kisu huku akimtaka aseme yale maneno tena. Baada ya maneno matano au sita akamwambia, "Hazipotei ovyo, Nemesia. Zinakwenda mbili mbili, moja inaanguka, moja inasimama. Hiyo ni ngoma."

Ndivyo ilivyokuwa, na wazungumzaji mlioko hapa mnaweza kujipima wenyewe mkifika nyumbani. Tunalikanyaga neno kwa mapigo mawili mawili, irabu ya pigo la kwanza tunaimeza, ya pigo la pili tunaiwekea mkazo, halafu tena tunameza, halafu tena tunakazia, na ile ya mwisho kabisa haiguswi. Mtu akisema "mtumbwi" kwa lugha yetu anameza irabu ya mwanzo, lakini akisema "mtumbwi wangu", kwa kuwa alama ya "wangu" hukaa mbele ya neno, hesabu inasogea, ile iliyokuwa imemezwa inatokea hadharani na ile iliyokuwa imesimama inazama. Marehemu alisema kwamba siku hiyo hakula chakula cha jioni, na kwamba mumewe alikula sahani zote mbili.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Delfina, aliyezaliwa tarehe 12 Juni 1978, Rómulo, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1981, ambaye sasa ni dereva wa malori huko Santa Cruz, na Anacleto, aliyezaliwa Aprili 1984 na kufariki kwa kuharisha akiwa na miezi kumi na mmoja, wakati mvua zilikuwa zimefunga njia na kituo cha afya kilikuwa mbali. Watoto hawa, na hili familia inalisema kwa sababu marehemu mwenyewe alilisema, walilelewa kwa Kihispania. Mama aliyezunguka vijiji vyote vya mto akifundisha watoto wa watu kusoma Kitrinitario alirudi nyumbani akawaambia wa kwake waoge, wale na walale kwa Kihispania, na bibi yao Petrona alipouliza, akajibiwa kwamba magoti yao hayatagusa mahindi.

Evaristo naye wakati huo alikuwa amerithi makaratasi ya Mzee Anselmo, aliyefariki mwaka 1979, na alikuwa msoma mahubiri wa hapa San Lorenzo, mtu wa kuheshimiwa katika baraza la wenyeji, mwenye kofia ya majani aliyoivaa sawasawa. Mwaka 1994 serikali ilipotangaza kwamba watoto wa kila kabila wafundishwe kwa lugha yao, baraza likaona ni lazima pafanyike uamuzi mmoja juu ya maandishi, na watu wawili waliojua jambo hilo kuliko wote wakawa ndugu wa tumbo moja. Nemesia alitaka iandikwe kama inavyosemwa. Evaristo alitaka iandikwe kama ilivyo katika makaratasi, irabu zote, akisema kwamba kuziacha ni kuwang'oa babu zetu meno, na kwamba dada yake anataka kuuandika uvivu wa vijana na kuupa jina la alfabeti. Walibishana miaka miwili, mara nyingi mezani kwa Evaristo, huku mkewe akiwapakulia ndizi za kupondwa na nyama kavu, na hadi hapo ulikuwa ubishi wa watu wanaopendana.

Yaliyofuata marehemu aliagiza yasirukwe siku ya maziko yake, na familia inatii. Mwezi Julai 1996 alikwenda kwa kaka yake na redio yake ya kaseti, akaomba kumrekodi akisimulia habari za zamani, akamwahidi kwamba ni kwa ajili ya kusikiliza yeye peke yake. Evaristo akasimulia habari za baba yao na za kupiga chapa ndama, na katikati ya masimulizi nguruwe wakaingia bustanini, akawafokea na kuwafukuza, na kaseti ikayachukua yote. Jumamosi ya tarehe 17 Agosti 1996, mbele ya baraza zima na wajumbe wa vijiji ishirini na vitatu, Evaristo alisimama akasoma ukurasa wa mahubiri kwa sauti ya kupendeza, kila irabu ikiwa imesimama, kisha akaketi. Zamu ya Nemesia ikafika. Aliweka redio juu ya meza, akabonyeza, na baraza likamsikia Evaristo akiwafukuza nguruwe, bila irabu hata moja zaidi ya zile anazozitamka mtu yeyote.

Watu walicheka. Walicheka sana, na mjumbe mmoja wa kutoka Isiboro akasema, "Tata Evaristo, irabu zako umewaachia nguruwe?" na kicheko kikaanza upya. Evaristo aliyakusanya makaratasi yake, akayafunga kwa kamba, akaja hadi kwenye meza ya dada yake, na walioketi karibu walimsikia akisema, "Ulinirekodi nyumbani kwangu, nikikulisha." Kisha akatoka. Kura ilipigwa saa nane mchana, Nemesia akashinda kwa tofauti kubwa, na kaka yake hakuzungumza naye tena kwa miaka kumi na saba na miezi sita.

Kitabu cha kwanza cha kusomea kilitoka mwaka 1998, kikiwa na jina lake ndani, na kingine mwaka 2001. Aliviona vitabu hivyo katika shule nyingi, alisema, vikiwa vimefungwa kabatini, safi, kwa sababu walimu wapya hawakuijua lugha na watoto waliokuwa wakizaliwa walizungumzishwa Kihispania na wazazi wao, wengi wao wakiwa wanafunzi wake wa zamani. Alipolalamika, mama mmoja alimwuliza kwa upole, je, binti yake Delfina anaongea lugha gani. Tangu hapo marehemu alilalamika kwa sauti ndogo zaidi.

Bwana Lizardo aliugua kifua na kufariki tarehe 9 Oktoba 2005. Siku ya maziko Evaristo alikuja, akasimama nje ya ua kofia ikiwa mkononi mpaka udongo wa mwisho ulipotupwa, na akaondoka. Marehemu alimwona. Alisema baadaye kwamba kati ya uchovu wote alioupata, ule wa kumtazama kaka yake akienda zake kwenye barabara ya vumbi, akijua kwamba angemwita asingegeuka, ndio uliomkalia miguuni kwa muda mrefu kuliko mwingine wowote, na hakumwita.

Februari 2014 yakaja mafuriko ambayo hakuna aliyeko hapa asiyeyakumbuka. Maji yalikaa wiki nyingi, ng'ombe walikufa wakiwa wamesimama, na nyumba ya Evaristo, iliyokuwa bondeni, ilijaa maji hadi kwenye madirisha. Asubuhi ya tarehe 11, marehemu alipokuwa akikausha kuni zake, aliona mtumbwi unakuja moja kwa moja kwenye mlango wa jikoni, na ndani yake ameketi kaka yake, mzee wa miaka sitini na sita, akiwa amekumbatia sufuria kubwa iliyofungwa kwa nailoni. Ndani ya sufuria mlikuwa na makaratasi, na makaratasi yalikuwa yameloa.

Evaristo hakushuka. Alisema, "Sikuja kwako. Nyumba yako iko juu, basi."

Nemesia akamwambia, "Shuka, kaka. Wino haungoji."

Walitandaza kurasa kwenye kamba za chandarua, juu ya mawe ya jiko, juu ya kitanda, na kwa siku tatu hawakuwa na pa kulala ila vitini. Kurasa nyingi wino ulikuwa umetawanyika, ukawa doa la kahawia, na aliyejua kilichokuwa pale alikuwa mtu mmoja tu, kwa kuwa alizisoma miaka thelathini na tano. Ikawa hakuna namna nyingine. Evaristo akasoma, mengine kwa macho na mengine kwa kumbukumbu, Nemesia akaandika, mstari wa juu kama kaka yake alivyosoma, irabu zote, na mstari wa chini kama watu wanavyosema. Mwanzoni walizungumza juu ya herufi tu. Katika mwezi wa tatu wa kazi hiyo ndipo marehemu alipomwomba msamaha kwa ile kaseti, na Evaristo akajibu kwamba amechoka kukasirika tangu zamani, ila hakujua pa kuiweka hasira hiyo, kisha akauliza kama kuna kahawa.

Ilikuwa katika mahubiri ya kumi na mbili, yale ya mitume na wavu, ndipo marehemu aliposimamisha kalamu. Kulikuwa na neno katika mstari wa juu lenye irabu "u", na katika kitabu chake mwenyewe, neno hilohilo likiwa na alama ya "wangu", pale ambapo ile irabu iliyomezwa hutokea, alikuwa ameandika "i". Aliandika hivyo kwa sababu wanafunzi wake walisema hivyo, na wanafunzi walisema hivyo kwa kukisia, kwani irabu isiposikika kwa muda mrefu mtu anayeihitaji anaokota yoyote iliyo karibu. Alirudi nyuma, akapitia yote, akapata maneno ishirini na matatu. Alikuwa ameyafundisha vibaya kwa karibu miaka ishirini, na kwa vitabu vyake mwenyewe. Zile irabu ambazo alisimama mbele ya baraza na kusema kwamba hazina kazi, ndizo zilizokuwa ghala la lugha, na aliyelinda ghala hilo ndiye aliyefanywa kichekesho.

Angeweza kunyamaza, kwa maana hapakuwa na mtu mwingine duniani ambaye angegundua. Tarehe 6 Agosti 2016 aliomba nafasi katika baraza, akasimama na orodha yake, akasoma maneno yote ishirini na matatu, akisema alivyoyaandika na yanavyopaswa kuwa, na akapendekeza vitabu vipya viwe na mistari miwili. Waliohudhuria walikuwa kumi na mmoja, na marehemu alikuwa akisema kwamba sita kati yao walikuja kwa ajili ya chakula cha mchana. Mmoja akanung'unika kwamba walimu hawa wanawachosha watu, leo hivi kesho vile. Evaristo, aliyekuwa ameketi nyuma karibu na mlango, akasema bila kuinuka, "Mwacheni amalize. Hata nilipowafukuza wale nguruwe nilikuwa nikisema lugha ya baba yangu." Hakuna aliyecheka, na pendekezo likapita.

Mahubiri yalikuwa arobaini. Evaristo alifariki tarehe 3 Juni 2017 wakiwa wamemaliza thelathini na moja. Tisa yaliyobaki marehemu aliyanakili peke yake, na pale wino ulipokuwa doa aliacha nafasi wazi, kwa sababu alisema amekwisha kukisia vya kutosha maishani. Madaftari hayo, manane, yako mikononi mwa baraza, na nafasi hizo bado ziko wazi.

Marehemu aligunduliwa kuwa na kisukari mwaka 2009, akakibeba kwa subira na kwa kuiba papai mara kwa mara. Tarehe 22 Novemba 2022, akimenya mihogo nyumbani kwake, alianguka, na majirani wakamfikisha hospitali moja mjini Trinidad siku hiyohiyo, ambako ilionekana amepata kiharusi. Alipozinduka, upande wake wa kulia ulikuwa mzito, na Kihispania chote, alichokisema kwa miaka sitini na kukifundisha kwa karibu arobaini, kilikuwa kimeondoka. Kilichobaki ni lugha ya jikoni kwa mama yake. Kwa siku mbili wauguzi waliandika kwamba mgonjwa anatoa sauti zisizo na maana, na haikuwa ajabu, kwa mtu asiyeizoea lugha yetu inasikika kama konsonanti zinazosagana, mpaka mama mmoja mfanya usafi, Asunta Moye, binti wa watu wa Sécure, alipoegemeza fagio mlangoni na kusema, "Daktari, mama haropoki. Anaomba dirisha lifunguliwe."

Delfina aliacha kibanda chake cha vitambaa sokoni akaja kukaa naye. Delfina alikuwa akiielewa lugha kwa kuisikia huku na huku, lakini hakuwahi kuijibu, na sasa mama yake hakuwa na nyingine. Aliomba baraza madaftari mawili ya mahubiri ya mjomba wake, akajifunza akiwa ameketi kando ya kitanda, na kwa kuwa mstari wa juu ulikuwa rahisi kwake kuutamka, alijifunza ule wa juu. Katikati ya Desemba akapata ujasiri, akamwuliza mama yake, kwa sentensi kamili, irabu zote zikiwa zimesimama kama waumini Ijumaa Kuu, kama anasikia baridi na kama anataka shuka la pili. Marehemu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha uso wake, ule upande uliokuwa mzima, ukaanza kutetemeka kwa kicheko, akasema, "Binti yangu, unanihubiria. Fanya haraka kidogo, nitakufa kabla hujafika kwenye shuka."

Alirudishwa San Lorenzo tarehe 9 Januari mwaka huu. Hakupona, na hakuna aliyemdanganya kwamba atapona. Alichoka, alisema hivyo kila siku, bila kunung'unika, kama mtu anavyosema kwamba kunanyesha. Mwezi Februari, mchana mmoja Delfina akimlisha uji wa chivé, unga wa mihogo uliokaangwa, alimwuliza swali alilokaa nalo tangu utoto, ni kwa nini aliufundisha mto mzima na kuwaacha wao. Aliuliza polepole, akikosea, na marehemu hakumsahihisha. Alimeza uji uliokuwa mdomoni. Kisha akajibu, "Niliogopa. Halafu woga ulipoisha, nilikuwa nimechoka." Baada ya hapo aliomba uji uendelee.

Mwalimu Nemesia Yujo Matareco alifariki Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, Delfina na Rómulo wakiwa pembeni yake. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na wanafunzi ambao familia haijui idadi yao.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Trinidad, ambao walipokwisha kuelewa walijifunza kumsalimia kwa lugha yake, wengine vizuri kuliko wajukuu zake, na inamshukuru kwa namna ya pekee Mama Asunta Moye, ambaye yuko hapa, pale nyuma, na hataki kutajwa. Tunawashukuru majirani waliombeba hadi kwenye gari siku ile na waliomletea samaki kila Ijumaa, tunalishukuru baraza, wapigaji wa bajoni walioshika nafasi ya Bwana Lizardo, na walimu wenzake wa mito yote miwili, hasa waliosafiri siku mbili kuja. Tunawashukuru watoto wa marehemu Evaristo kwa kukubali dada alale kando ya kaka yake.

Kabla ya kufunika kaburi, Delfina atamuaga mama yake kwa Kitrinitario. Ameandika maneno machache usiku wa kuamkia leo na hakutaka mtu ayapitie. Atasema polepole, atatamka irabu zisizopaswa kusikika na atazimeza nyingine zinazopaswa kubaki, na familia inawaomba wote mnaoijua lugha hii kuliko yeye kwamba leo, hapa, mtu yeyote asimsahihishe.

Mwalimu, umechoka kwa haki. Lala salama, na utulivu wa Mungu uwe juu yako.